Usumba na Plastiki: Nguvu Imo katika Mshikamano

Mezani kwangu ninapoandika makala haya pana kipande cha ubao chenye urefu wa shubiri moja, rangi yake kahawia iliyoingia weusi, ambacho si mti wala si plastiki tupu. Ni kipande cha benchi. Benchi hilo lilitengenezwa kwa mifuko na ndoo kuukuu zilizoyeyushwa na kuchanganywa na usumba wa makumbi ya nazi, kisha likakabidhiwa skuli moja ya kisiwa chetu kwa hotuba na makofi, nami nilikuwa miongoni mwa waliopiga makofi. Miezi minane baadaye, baada ya masika moja tu, lilikatika katikati. Wazee watatu waliokuja mkutanoni walianguka chini, na mmoja wao akavunjika mkono.

Sikukusudia kuwalaumu vijana waliolitengeneza. Nia yao ilikuwa njema, na kazi waliifanya kwa mikono yao bila ya kungoja mfadhili. Lakini tangu siku ile pamezuka rai mbili katika vikao vyetu, na zote mbili naziona zina hatari. Ya kwanza inasema kwamba mambo ya makumbi na plastiki ni ndoto, basi tuyaache, turudi kuagiza mbao kutoka ng'ambo ya bahari kama desturi. Ya pili inasema kwamba kasoro ilikuwa ni mashine, basi zitafutwe fedha tununue mashine kubwa zaidi. Ndugu msomaji, kabla hatujaikubali hata moja katika rai hizo, hebu tukitazame vizuri kipande hiki, kwani chenyewe kinasema kilichotokea.

Mahali kilipokatika pamejaa vitundu vidogo vya mviringo, mithili ya vitundu vinavyobaki katika udongo mbichi baada ya kuchomolewa vijiti. Upande wa pili nyuzi za usumba zimetokeza nje, nzima, laini, zinang'aa, na takriban zote hazikukatika. Maana yake ni kwamba uzi haukushindwa, na plastiki nayo haikupata nafasi ya kusaidiwa na uzi. Kilichoshindwa ni mshikamano baina yao. Uzito wa wale wazee ulipolemea, plastiki ilianza kupasuka, na nyuzi ambazo zilikuwa na wajibu wa kuuzuia ule ufa zikachomoka kama unywele unavyotoka katika unga uliokandwa.

Nilikichukua kipande hiki nikenda nacho pwani ya kusini mashariki ya Unguja, kwa bibi mmoja aliyesuka kamba za usumba tangu utoto wake. Baada ya kumwamkia na kumweleza habari, alikigeuza mkononi, akaivuta nyuzi moja kwa kucha, akainusa.

"Hii haikuzikwa, mwanangu," alisema. "Wameichambua kavu kavu. Bado ina utelezi wake."

Neno hilo la bibi ndilo jambo lenyewe. Wataalamu wa elimu ya vifaa katika vyuo vikuu vya dunia wameandika maelfu ya kurasa juu yake, na wote wanakubaliana naye.

Tuanze na asili. Kutia vitu vya mimea ndani ya plastiki si uzushi wa leo. Mwaka 1907 Leo Baekeland, Mbelgiji aliyehamia Marekani, aliomba hataza ya plastiki ya kwanza iliyotengenezwa yote kwa kemikali, ikaitwa Bakelite. Ulimbo ule ulipoganda peke yake ulikuwa unapasuka kama kigae, ndiyo maana ukachanganywa na unga wa mbao ili uhimili. Baadaye Ujerumani ya Mashariki, nchi iliyotusaidia kujenga nyumba za ghorofa za Kikwajuni baada ya Mapinduzi ya 1964, ilikuwa na upungufu wa mabati ya chuma. Wajerumani hao wakachukua mabaki ya pamba, wakayashindilia pamoja na ulimbo wa fenoli kwa joto na mgandamizo, wakapata maungo ya motokaa yao iliyoitwa Trabant. Motokaa hiyo ilitengenezwa kuanzia 1957 hadi 1991, na idadi yake ilifika kiasi cha milioni tatu. Watu waliicheka sana kwa moshi na mlio wake, lakini maungo yake hayakushika kutu.

Sisi watu wa mwambao tusijione wageni katika habari hii. Mitepe ya wazee wetu ilishonwa ubao kwa ubao kwa kamba za usumba, bila ya msumari wa chuma, ikasafiri baharini kwa karne nyingi. Na katika mwaka 2018, kule Lamu, mafundi chini ya uongozi wa fundi Ali Skanda waliteremsha majini jahazi la Flipflopi, lenye urefu wa mita 9 hivi, lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa. Mwanzoni mwa 2019 jahazi hilo lilisafiri kutoka Lamu mpaka Unguja. Kwa hiyo usumba tunao, na plastiki iliyotupwa imekwisha kuthibitisha kuwa inaweza kufanyiwa kazi ya fundi seremala. Lililobaki ni kuviunganisha viwili hivi kwa njia ya elimu.

Pana pia deni la historia. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo pakaota mashamba yaliyoifanya nchi iwe ya kwanza duniani, na kufikia 1964 mavuno yalikuwa zaidi ya tani 230,000 kwa mwaka. Lakini mwaka 1954, huko Italia, Giulio Natta na wenzake walikuwa wamepata plastiki inayoitwa polipropilini, na muda si mrefu kamba na magunia ya plastiki hiyo yakaijaza dunia. Soko la mkonge likaanguka. Usumba wetu nao ulipatwa na yale yale. Leo hata katika mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza Paje na Jambiani mwaka 1989, kamba inayofungwa ni ya nailoni. Plastiki iliuondoa uzi wa mmea sokoni. Sasa hiyo hiyo plastiki, imechoka na imetupwa, inahitaji uzi wa mmea ili iwe na kazi tena.

Je, usumba una nguvu gani? Tuchukue kipimo cha kila mtu kukifahamu. Chukua ufito wa polipropilini wenye unene wa milimita moja ya mraba, uutundikie mzigo. Utahimili kiasi cha kilo 3 kabla ya kushindwa. Usumba wa unene huo huo huhimili kiasi cha kilo 15 hadi 20, na mkonge huhimili zaidi ya kilo 40. Basi usumba ni dhaifu mbele ya mkonge, kwa sababu una selulosi chache na lignini nyingi. Lakini una sifa ambayo mkonge hauna. Mkonge hurefuka sehemu chache tu kwa 100 kisha ukakatika, ilhali usumba hurefuka sehemu 15, 20, hata 30 kwa 100. Uzi wa namna hiyo hauvunjiki kwa kishindo cha ghafla. Aidha ile lignini nyingi ndiyo inayoufanya usichakae upesi katika maji ya chumvi, jambo walilolijua waunda mitepe bila ya maabara.

Ikiwa uzi una nguvu mara tano au sita ya plastiki, mtu angetaraji kwamba ukivichanganya hupati ila nguvu zaidi. Hapo ndipo vijana wetu walipokosea, na si wao peke yao. Majaribio mengi yaliyofanywa katika nchi mbalimbali yanaonyesha kwamba ukitia usumba usioshughulikiwa ndani ya plastiki ya jamii hii, ubao unakuwa mkakamavu zaidi, yaani haupindi kwa urahisi, lakini nguvu yake ya kuvutwa hupungua kila unapozidisha usumba. Unapata kitu kigumu kinachokatika mapema. Mnunuzi akikishika mkononi hukisifu kwa ugumu wake, na siku ya mzigo kinamwangusha.

Sababu ni kama hii. Uzi wa mmea kwa asili yake unapenda maji, nayo plastiki ya mifuko na ndoo ina tabia ya mafuta. Maji na mafuta hayakai pamoja. Juu ya hayo, uzi mkavu uliochambuliwa tu umefunikwa na nta, mafuta na utandu ambao ndio ule utelezi alioutaja bibi. Tuliosoma chuoni kwa mbao tunakumbuka kwamba mwalimu hakutuachia kuandika mpaka ubao umeoshwa na kusuguliwa, kwani wino ukiandikwa juu ya ubao wenye mafuta huteleza wote. Plastiki iliyoyeyuka juu ya uzi wenye nta ni wino juu ya ubao wa mafuta.

Masika nayo ilimaliza kazi. Pale ambapo uzi na plastiki havikushikana, pana mwanya mdogo usioonekana kwa macho. Maji hupenya humo, uzi ukanywa na kuvimba, kisha jua likaukausha ukasinyaa. Ukivimba na kusinyaa mara nyingi, mwanya unazidi. Benchi lile halikukatika siku ile ya mkutano. Lilianza kukatika mvua ya kwanza iliponyesha.

Dawa yake ni nini? Ya kwanza ni ile ya wanawake wa pwani. Makumbi huzikwa katika mchanga na tope la ufuoni, yakawekewa mawe juu yake, yakaachwa miezi mingi maji yakipwa na kujaa juu yake. Vijidudu visivyoonekana hula ule utomvu unaozishika nyuzi, maji ya chumvi yakachukua rangi na uchafu. Kisha hufukuliwa, yakapondwa kwa magongo, yakaoshwa na kuanikwa. Watu wengi huiona kazi hiyo kuwa ni ya kimasikini na harufu mbaya. Kwa hakika ni hatua ya mwanzo ya kutayarisha uzi kwa njia ya kikemia.

Ya pili ni soda ya kostiki, ile ile wanayoijua vizuri watengeneza sabuni za mwani na mafuta ya nazi. Uzi huchovywa katika maji yenye soda hiyo, aghalabu gramu 5 kwa kila gramu 100 za maji, kwa saa chache, kisha huoshwa kwa maji mengi, na mara ya mwisho maji hayo hutiwa asidi kidogo ya siki ili kuimaliza soda iliyobaki. Soda huondoa nta, mafuta, na sehemu ya vile vinavyoifunika selulosi. Uso wa uzi uliokuwa laini unakuwa na mikwaruzo na vishimo, na plastiki iliyoyeyuka inaingia humo ikashika kama mizizi inavyoshika mwamba. Lakini hapa pana mpaka. Anayedhani kwamba soda kali zaidi ndiyo bora zaidi huula uzi wenyewe, akaishia na usumba uliochoka. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Ya tatu ni kiunganishi, yaani plastiki ya jamii ile ile iliyopachikwa kemikali iitwayo anihidridi ya maleiki. Upande mmoja wake unaushika uzi na upande wa pili unaingiliana na plastiki, mfano wa mshenga anayejulikana kwa koo zote mbili. Sehemu 2 hadi 5 kwa 100 hutosha. Usumba uliooshwa kwa soda na kutiwa kiunganishi, ukichanganywa kwa kiasi cha robo au theluthi ya uzito wote, hutoa ubao ulio mkakamavu, wenye nguvu inayolingana na plastiki tupu au kuipita, na unaokunywa maji kidogo sana kuliko ule wa usumba mbichi. Ukweli mmoja usifichwe, ubao huo haupindi sana kabla ya kuvunjika kama plastiki tupu, kwa hiyo fundi lazima aupe unene na mihimili inayostahili.

Sasa nizungumze na ndugu zetu watendaji, kwani wao ndio watakaotia saini. Yapo mambo manne ambayo hayahitaji mfadhili wala mashine kubwa.

Jambo la kwanza ni kuchambua taka. Uzi wa mmea huanza kuungua joto likikaribia digrii 200. Plastiki ya mifuko na madumu huyeyuka kwenye digrii 130 au chini yake, na polipropilini kwenye digrii 165 hivi, kwa hiyo hizo zinafaa. Lakini chupa za maji, ambazo ndizo zilizojaa katika fukwe zetu, huyeyuka karibu na digrii 250, yaani usumba utakuwa mkaa kabla ya chupa kulainika. Vifuniko vya chupa hizo vinafaa, chupa zenyewe hazifai. Na mabomba ya plastiki yasiguswe kabisa, kwa kuwa yakiunguzwa hutoa moshi wenye asidi unaoumiza mapafu. Zanzibar ilikuwa mbele katika kupiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, miaka kumi na tatu kabla ya Tanzania Bara. Tusiwe nyuma katika kujua plastiki ipi ni ipi.

Jambo la pili ni kukausha. Uzi wenye unyevu ukiingia katika plastiki ya moto hutoa mvuke, na mvuke huacha mapovu ndani ya ubao. Jua letu latosha, ila sharti liwepo sakafu safi na kitambo cha kungoja.

Jambo la tatu ni kupima kabla ya kupokea. Ubao uwekwe juu ya magogo mawili, utundikiwe mawe yenye uzito unaojulikana mpaka uvunjike, matokeo yaandikwe. Kisha ubao mwingine wa fungu hilo hilo utiwe katika maji ya bahari kwa mwezi mzima, upimwe tena. Ukipoteza nguvu nyingi, fungu lote lirudishwe. Baada ya kuvunjika, tazama ndani. Nyuzi zikiwa zimechomoka, kazi haikufanywa. Zikiwa zimekatika pamoja na plastiki, kazi imefanywa. Taasisi ya Viwango na Chuo Kikuu cha Taifa vinaweza kuupanga utaratibu huu ukafuatwa Unguja na Pemba, na mpaka hapo ubao wa namna hii utumike kwa ua, sakafu za barazani na meza, wala usibebeshwe paa wala gati.

Jambo la nne, nalo ndilo linalosahauliwa katika kila mpango, ni malipo ya aliyeuosha uzi. Katika hesabu ya lile benchi palikuwa na fungu la mashine, fungu la umeme, fungu la sherehe ya makabidhiano, wala hapakuwa na hata shilingi moja ya kutayarisha usumba. Makumbi yalichukuliwa bure katika jaa, yakachambuliwa kwa siku mbili. Wanawake wanaojua kuzika na kufukua hawakuitwa, kwa sababu ilidhaniwa kwamba elimu yao ni ya kamba tu. Wangelipwa kwa daraja ya uzi, mbichi bei yake, uliozikwa bei yake, uliooshwa kwa soda bei yake, benchi lingekuwapo mpaka leo. Nao wapewe glavu na miwani, maana soda ya kostiki hula ngozi na macho, na yachimbwe mashimo ya kuyatuliza maji yake kwa asidi kabla ya kumwagwa, yasije yakaua mwani na pweza wa jirani zao.

Wapo watakaosema kwamba kuzika makumbi miezi sita au zaidi ni kupoteza wakati katika zama hizi za haraka. Nawajibu kwamba mzee wetu aliyevunjika mkono alikaa na bendeji majuma sita, na kwamba fedha za mabenchi yale zimekwenda bila ya kurudi. Wakati tulioudhani tumeuokoa tumeulipa. Wakizikwa makumbi kwa zamu, fungu hili mwezi huu na fungu lile mwezi ujao, baada ya mwaka wa kwanza ufuo hautakosa usumba ulio tayari kila mwezi, na fundi hatangoja.

Kwa hiyo nawaomba wajumbe wa kikao kijacho wasilipitishe ombi la mashine mpya, wala wasiufunge mradi. Wapitishe kwanza fungu la uzi na fungu la kupima. Mimi nitakwenda kikaoni na kipande hiki, nikiweke mbele ya mwenyekiti, na kila mjumbe avute nyuzi moja kwa kucha zake. Zitatoka bila ya taabu. Tukutane tena baada ya mwaka na kipande cha pili, tuvute, tuone kama zitatoka.